Madumu Mawili ya Kwenda Ukweni

Leo nimeaibika ukweni, tena ushahidi bado uko katikati ya meno.

Nimepiga mswaki mara tatu. Nimesukutua kwa maji ya chumvi, nimetafuna ndimu na maganda yake. Nikicheua, nanukia gereji. Acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa baba mdogo Fidelis, maana yeye ataongeza chumvi, na kisa chenyewe wala hakihitaji.

Wengi mnaifahamu pikapu yangu, ile ninayobebea ndizi kutoka Nyakasimbi. Namwita Babu, kwa heshima ya umri wake. Tangu mwanzo wa mvua Babu anavuja mafuta ya steringi. Kwa msiojua magari: chini ya boneti kuna kikopo kidogo chenye mafuta mekundu, haidroliki. Hayo ndiyo yanayofanya usukani uwe mwepesi. Yakipungua, usukani unakuwa mzito kama unageuza jiwe la kusagia, na pampu inaanza kulia. Babu analia kama nguruwe aliyeshikwa mguu. Nikipita, watu wanajua ni mimi bila hata kutoka jikoni.

Mtu mwenye akili angekwenda kwa fundi. Mimi nikajiita fundi.

Mwezi uliopita nikaona dawa ni kuufunga mpira unaovuja kwa kitambaa. Nyuma ya mlango wa chumbani kulikuwa na mfuko, ndani ya mfuko kulikuwa na kitambaa kimekunjwa vizuri. Sikukikunjua. Nikachana kipande cha upana wa vidole vinne (vidole vinne tu, jamani!), nikauzungushia mpira, nikakaza. Babu akanyamaza siku mbili. Nikatembea kifua mbele.

Kitambaa kile kilikuwa kitenge cha mke wangu, Kemilembe. Tena si kitenge cha kushindia. Kilikuwa cha sare ya umoja wa akina mama kanisani, kinasubiri kupelekwa kwa fundi cherehani.

Siku ya siku nilimwomba aniletee maji ya rejeta. Akaja na ndoo, akainama kwenye boneti, akayaona maua yake ya bluu yakichuruzika haidroliki. Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua pa kuanzia. Alitua ndoo, akaingia ndani, akatoka na begi na binti yetu Asimwe mgongoni.

"Kemi, unakwenda wapi?"

"Kibingo, kwa baba. Nimekuachia mke mwenzangu hapo. Mpikiane."

Mke mwenzake ni Babu. Huwa anamwita hivyo siku zote, lakini siku hiyo hakuwa anatania.

Siku kumi na moja! Nimekula ndizi zilizoungua upande mmoja na mbichi upande wa pili. Nimelala na redio ikiwa imewashwa ili nyumba isiwe kimya. Nilimkumbuka mke wangu, naandika hivyo hivyo bila kuzunguka. Nikipiga simu anapokea Asimwe, ananiuliza kama Babu amepona, kisha anakata.

Sasa kwetu, mke akirudi kwao kwa hasira, humalizi mambo kwa simu. Unakwenda mwenyewe na mtu wa kukusemea, na unabeba rubisi, pombe yetu ya ndizi. Inamiminwa kwenye kibuyu, unawekwa mrija. Mwenye kosa ananyonya wa kwanza mbele ya wazee. Akishameza, baba mkwe naye ananyonya, na hapo shauri limekwisha. Baba mkwe asiponyonya, unarudi ulikotoka, peke yako. Na baba mkwe wangu, mzee Kaijage, alikuwa ametuma neno kwamba atanipokea leo tu. Nisipofika, au nikifika vibaya, Kemilembe atabaki Kibingo mpaka kahawa ivunwe. (Kahawa ya mzee bado haijaanza hata kuwa nyekundu.)

Kwa hiyo leo nimeamka mapema, mafua yamenikamata hasa, pua zote mbili zimeziba. Nikapakia madumu mawili ya njano ya lita tano. La kwanza, rubisi. Rubisi haifungwi kwa mfuniko, inachemka ikapasua, kwa hiyo dumu linazibwa kwa jani la mgomba lililosokotwa. La pili, haidroliki ya kuongeza njiani. Mfuniko wake niliupoteza zamani. Nikaangalia huku na huku. Nikasokota jani la mgomba.

Hapo ndipo nilipokosea. Endeleeni.

Baba mdogo Fidelis ndiye aliyekuwa wa kunisemea. Ni mzee wa kanisa, ana koti moja la harusi na misiba, na anapenda kuongea kuliko kula. Nikayaweka madumu miguuni pake, na yeye akaanza kufanya mazoezi ya hotuba kabla hatujafika barabarani.

Igurwa tukapita salama. Mbele kidogo, mlimani, mvua ikatukuta, na Babu akaanza kulia. Nikasimama, nikafungua boneti, nikatumbukiza nusu ya mwili ndani. Maji yananiingia shingoni, kamasi zinanitoka, na faneli yangu ni chupa ya maji iliyokatwa.

"Baba mdogo! Nipe dumu!"

"Lipi?"

"Hilo lenye jani!"

(Yote yana jani. Najua. Najua sasa.)

Akanipa. Nikamimina, nikajaza kikopo mpaka juu. Harufu sikusikia, kwa pua zipi? Rangi sikuona, mvua ilikuwa inanichapa usoni. Nikafunga boneti, nikawasha, Babu akatulia kabisa. Nikampigapiga dashibodi na kumwambia ahsante.

Utulivu ule ulidumu kama kilomita tatu. Baada ya hapo usukani ukaanza kushikwa na kwikwi, ukawa unalegea na kukaza, unalegea na kukaza. Pampu ikaacha kulia kama nguruwe, ikawa inakoroma. Nikajisemea ni baridi.

Tulipofika Kibingo mvua ilikuwa imekatika na jua limetoka. Njia ya kuingia kwa mzee Kaijage ina kona kali kushoto. Nikazungusha usukani. Usukani ukakataa. Nikasimama juu ya pedeli, nikauvuta kwa mikono miwili, baba mdogo naye akaushika upande wake huku akitaja jina la Bwana. Babu akaenda moja kwa moja, akaingia kwenye maharage ya mama mkwe, akazimika.

Mlangoni wamesimama watu wote wa nyumba ile.

"Angalau tumefika," baba mdogo akasema, akajipangusa koti. Akainama, akachukua dumu. Alichukua lile ambalo hakunipa mlimani, kwa sababu lile alilonipa si ndilo la mafuta? Hesabu zake zilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyempa mwanzo mbaya.

Dumu lenye jani likishuka garini ukweni, halina maswali. Ni zawadi. Mama mkwe akaja, akalipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, "Webare, asanteni, karibuni," akaingia nalo jikoni kwenye moshi. Maharage yake hakuyataja. Hilo lilinitisha zaidi.

Sebuleni walikuwa mzee Kaijage na wazee watatu majirani. Baba mkwe amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama, na koti jeusi juu. Huyu mzee alikuwa dereva wa malori ya kahawa maisha yake yote mpaka alipostaafu. Anakuangalia kama unaomba kumpita kwenye daraja jembamba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Basi.

Kando kuna mlango wa chumba wenye pazia. Chini ya pazia nikaona vidole vya miguu. Vidole navifahamu, ni vya Kemilembe. Vilikuwa vimenigeuzia ubavu.

Baba mdogo akasimama. Akaanzia kwenye uumbaji. Akapita kwa Adamu, akaeleza jinsi ndoa ilivyo, akafika kwenye mimi na kusema ni kijana mwema aliyepotoshwa na chombo. Wazee wakaguna. Mama mkwe akaleta kibuyu chenye mrija, akakiweka mbele yangu, akarudi nyuma.

"Mwenye kosa na aonje," mzee Kaijage akasema.

Nikapiga magoti. Nikashika mrija. Nikataka mzee aone kwamba nimekuja kwa moyo wote, kwa hiyo sikuonja kidogo kidogo kama mtu wa mashaka. Nikavuta kwa nguvu. Ikawa inapanda polepole, nzito. Nikasema moyoni, hii imeiva kweli. Nikavuta tena. Mdomo ukajaa.

Jamani.

Pua zangu zilikuwa zimeziba, lakini ulimi haukuwa na mafua.

Haikuwa na utamu. Haikuwa na uchachu. Ilikuwa inateleza! Ilizunguka kwenye fizi, ikapita chini ya ulimi, ikajipaka kila mahali. Na ladha ile ninaifahamu, maana miezi yote hii nimekuwa nikifungua mifuniko kwa meno. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya wakwe zangu na mdomo wangu umejaa mafuta ya steringi.

Kumeza siwezi. Hayo si chakula, ni mafuta ya mashine. Kutema siwezi pia. Kutema kinywaji cha suluhu mbele ya baba mkwe ni sawa na kumwambia abaki na binti yake. Nikatulia. Nikatabasamu kwa macho.

Hapo hapo mzee Kaijage akaamua kuniuliza. Siku zote ananinyima maneno, leo ndiyo ameyapata!

"Kijana. Mimi sitaki hotuba ya Fidelis. Nataka kusikia kwako. Umekuja kufanya nini hapa?"

"Mmm," nikasema.

"Nini?"

"Mmm-mm."

"Binti yangu unamtaka au humtaka?"

Nikatikisa kichwa kwa nguvu kukubali. Mashavu yamevimba, macho yanatoa machozi. Mzee mmoja akasema kwa huruma, "Analia huyu. Majuto yamemshika." Mwingine akasema, "Mwacheni ameze kwanza." Baba mdogo akasimama tena aendelee na hotuba pale alipoishia, kwa Nuhu nadhani.

"Kaa chini, Fidelis!" Mzee Kaijage akanisogelea, akainama uso kwa uso. "Nakuuliza mara ya mwisho, waitu. Jibu kwa mdomo. Kemilembe unamtaka?"

Nikaona vidole vilivyo chini ya pazia vimegeuka. Vilikuwa vinanielekea. Ananisikiliza! Siku kumi na moja hajataka kunisikia, na sasa anangoja neno moja kutoka kwangu. Nikasahau kila kitu. Nikafungua mdomo niseme ndiyo.

Ndiyo haikutoka. Yalitoka mafuta.

Yalitoka yote, kwa kishindo, yakatua kifuani pa kanzu nyeupe ya baba mkwe. Mekundu. Yakaanza kushuka taratibu kuelekea tumboni.

"Mawe, mama yangu!" mama mkwe akapiga yowe. "Anatapika damu!"

Wazee wakaruka. Mmoja akanishika kichwa, mwingine akafungua dirisha. Baba mdogo akaanza kuniombea kwa sauti ya mazishi. Mimi nipo chini nakohoa, nasema "Siyo damu, siyo damu," huku midevu inametameta.

Mzee Kaijage peke yake hakuruka. Aliangalia kanzu. Akagusa lile doa kwa kidole. Akasugua kidole na gumba. Akanusa.

"Hii," akasema polepole, "ni haidroliki."

Akakiinua kidole kwenye mwanga.

"Na ya siku nyingi. Ilipaswa kubadilishwa."

Mama mkwe akajishika mdomo. "Niliona ni nzito! Nikasema huenda watu wa Nyakasimbi wanakamua bila kutia maji!"

Na hapo nyuma ya pazia kikasikika kitu. Kwanza kama mtu aliyepaliwa. Halafu kikakatika, kikarudi kwa nguvu. Pazia likafunguka, na Kemilembe akatoka akiwa amejikunja, ameshika mbavu, anacheka mpaka hawezi kusimama. Akajaribu kusema kitu, akaniangalia midevu, akaanguka kwenye kiti cha baba yake. "Am... amemn... amemnywa mke mwenzangu!" akasema, akaanza upya.

Mimi nilikuwa sina pa kuweka uso. Lakini nawaambia ukweli, sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Mzee Kaijage akamwangalia binti yake muda mrefu. "Siku kumi na moja huyu amenuna hapa mpaka mbuzi wangu wanamkwepa," akasema. Kisha akanigeukia. "Sasa kama mafuta yako kwenye kibuyu, rubisi iko wapi?"

"Garini, baba. Kwenye dumu lingine, lile nililo..."

Nikanyamaza. Baba mdogo akanyamaza. (Baba mdogo! Kunyamaza!) Tulikuwa tumefika mlimani kwa mawazo, wote wawili kwa pamoja.

Mzee akafunga macho. Dereva wa miaka yote ile hahitaji kuelezwa mara mbili. "Ulijaza kiasi gani?"

"Mpaka juu."

Tukatoka wote, pamoja na majirani waliokuja kwa lile yowe. Babu alikuwa pale pale kwenye maharage, na nyuki wamemzunguka boneti lote. Mzee akawafukuza kwa moshi wa jani, akafungua. Kikopo cha steringi kilikuwa kimefurika povu, linapanda na kumwagika, na harufu ya ndizi mbivu (naambiwa) ikajaa shamba zima. Jirani mmoja akauliza kama bado inafaa kunywewa. Hakuwa anatania.

Mzee Kaijage akavua koti, akakunja mikono ya kanzu ile ile, akasema kanzu imeshakuwa ovaroli. Akafungua mpira, akamwaga povu, akaniamuru nizungushe usukani kulia na kushoto huku injini imezimwa. Akamimina mafuta ya lile dumu la jikoni, akamwaga, akamimina tena. Akakata pingili ndogo ya mwisho wa mpira kwa kisu cha kumenyea ndizi, akaurudisha mahali pake, akaukaza kwa klipu aliyoitoa stoo. Haikuchukua hata muda wa kuchemsha chai.

"Ulipasuka mwishoni tu," akasema. "Unakata palipopasuka, unarudisha. Ungeniuliza, ningekwambia kwa simu. Itakufikisha nyumbani. Kesho nenda kwa fundi asafishe pampu, na usimwambie ulichoweka."

Miezi yote hii! Kitenge kimechanwa, ndizi zimeungua, nyumba imekuwa pango, na dawa ilikuwa kisu cha kumenyea ndizi.

Akainama akaokota kile kipande cha kitambaa, cheusi kwa mafuta, maua ya bluu yanaonekana kwa mbali. Akampa Kemilembe. Kemilembe akakiangalia, akanipa macho, nikajua hapa hakuna wa kunisemea. Baba mdogo alikuwa tayari anavuta pumzi aanze.

"Kemi," nikasema, "nilikosea. Sikukikunjua nikaangalia, kwa sababu nilikuwa nawaza gari tu. Nakutaka nyumbani. Nilitaka kusema hivyo kule ndani."

"Nilikusikia," akasema. "Ulisema mmm-mm."

Tukarudi sebuleni. Rubisi ya kweli ilikuwa imebaki zaidi ya nusu dumu, ikamiminwa kwenye kibuyu kingine. Nikanyonya, nikameza, nikafungua mdomo wazee wakague. Mzee Kaijage akashika mrija. Akanusa kwanza. Akanusa mara ya pili. Kisha akanyonya, na wazee wakapiga makofi.

Kemilembe alikuwa na sharti moja. Jumapili hii akina mama wote watavaa sare isipokuwa yeye, na hatasimama peke yake kujieleza. Nitasimama mimi, mbele ya umoja mzima, nieleze kitenge kilikwenda wapi. Na kile kipande nitakishika mkononi.

Nikakubali. Ningekubali hata kukivaa.

Tulirudi wanne tukibanana mbele, Asimwe kwenye mapaja ya mama yake, baba mdogo dirishani akimsimulia kila tunayempita. Usukani ulikuwa mwepesi kona nyingi, ila kwenye zile kali ulikaza kidogo. Kemilembe akawa anaunyooshea mkono na kuuvuta pamoja nami. "Sogea, mke mwenzangu," akawa anamwambia Babu, kisha anakumbuka mashavu yangu na kuanza kucheka tena. Amecheka hivyo kutoka Kibingo mpaka hapa. Hata sasa nikiandika namsikia jikoni, anageuza ndizi na kucheka peke yake.

Kwa hiyo yeye mwacheni acheke, ana haki yake. Ninyi wengine naomba mnionee huruma. Na siku nikija kwako ukanikaribisha kinywaji, tafadhali, anza kuonja wewe.